Kilio cha Reli ya Baharini

Baba yangu anawinda treni. Wengine wana mbwa, wengine wana kanisa siku saba za wiki; Papa Nday ana daraja lililo juu ya reli za Schaerbeek hapa Brussels, kamera ya mitumba, na kiti cha kukunja ambacho hakikalii. Kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, anapanda pale na rafiki yake Antoine, Mbelgiji mstaafu wa posta, na wawili hao wanasimama wakingoja injini kama watu wa kwetu Katanga wanavyongoja viwavi msimu wa mvua. Injini ya zamani ikipita na mabehewa ya mizigo, Antoine anavua kofia. Papa havui kitu. Anasema tu, "Hii inachoka. Sikia." Na kweli ukisikiliza, unaisikia.

Alikuwa mashinisti. Ujana wake wote aliendesha treni za umeme kutoka Lubumbashi kupandisha Likasi na Tenke. Alipofika Brussels alibeba maboksi katika maghala ya Anderlecht mpaka mgongo ukakataa. Mimi, Anaïs, mtoto wa pili, treni hazijawahi kunipa usingizi wala kuniondolea. Aliyezipenda ni dada yangu Jémima. Yeye ndiye aliyebebwa mabegani kwenye daraja lile, yeye ndiye aliyefumba macho na kuitaja treni kabla haijatokea, na Papa akawaambia wapita njia, "Munaona? Huyu damu yake iko na mafuta ya mashine."

Ndiyo maana ugomvi wao uliwashangaza watu. Jémima alikuwa anasomea uuguzi Jette, karibu na hospitali kubwa ambako mama yetu, Maman Marie-Claire, anahudumia wagonjwa. Mwaka wa pili akaacha. Akaenda kujifunza kuendesha tramu ya pwani, ile inayofuata bahari kutoka karibu na mpaka wa Ufaransa hadi karibu na mpaka wa Uholanzi.

"Nilitoka ku reli juu batoto bangu basiingie ku reli," Papa alisema siku alipoambiwa. Alikuwa mezani, kijiko mkononi. "Na kama ni kuingia, bon, aingie mu treni. Ile kintu ya ku bahari haiko treni. Ni bisi yenye kukosa akili ya kugeuka."

Maneno hayo niliyapeleka kwa Jémima, maana posta ya nyumba ni mimi. Alicheka. Lakini nilijua kicheko hakikuwa chake.

Majira mawili ya baridi yalipita hivyo. Jémima akahamia Ostende, mji wa pwani. Akipiga simu nyumbani, Papa anatoka sebuleni na kuingia chumbani, lakini mlango anauacha wazi.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumamosi moja, alirudi kutoka darajani mapema na kuketi bila kuvua koti. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Hakugeuka.

"Kuko nini?"

"Antoine anasema banafunga line ya bahari. Haiko yote. Kipande kimoja, kisha Ostende, fasi reli inapita karibu na maji. Bahari inakula muchanga chini yake. Banafunga mwisho wa mwezi."

"Line ya Jémima."

"Line ya bahari," alisema Papa.

Mama aliacha mwiko umesimama ndani ya bukari. "Nday. Nimekuuliza. Ni line ya Jémima?"

Papa alivua koti, kitu alichopaswa kufanya tangu mlangoni, akaenda kulitundika. Usiku ule alikula kidogo, na mtu anayemjua Papa Nday anajua maana ya sahani yake kubaki na chakula.

Ujumbe wa Jémima ulikuwa tayari kwenye simu yangu tangu asubuhi. Nilikuwa natafuta saa nzuri ya kuupeleka. Ulisema hivi: "Jumamosi ya mwisho mimi ndiye ninayeendesha pale. Wawindaji wote wa treni watakuja kupiga picha, hata Antoine. Mwambie papa aje. Sitaki aseme kitu. Nataka anione mara moja tu nikiendesha kando ya maji, kabla hawajafunga. Basi."

Nilimsomea mbele ya Mama. Papa alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya kati, halafu akasema, "Mwambie dada yako mimi Jumamosi niko na daraja yangu."

Mimi na Jémima tungeishia hapo. Mama hakuishia hapo.

Inabidi nieleze jambo la kambi. Wazazi wangu walikulia kambi ya wafanyakazi wa reli, kila mmoja nyumba yake lakini mtaa mmoja, na ubavuni mwa kambi ile kulikuwa na njia ndogo ya reli iliyokwenda kwenye mgodi. Mgodi ulipokufa, treni zikapungua, halafu zikaacha. Majani yakaota kati ya reli, na juu ya majani yakaota mashamba ya mihogo. Ile njia ilipofungwa, watu wa kambi walikaa kilio. Kilio kamili, kama cha maiti. Wanawake walipeleka mikeka na masufuria pale reli ilipoishia, wakawasha moto, wakaimba. Wanaume walivua kofia. Aliyekuwa mashinisti wa njia ile aliketishwa katikati, akalishwa, wala hakuruhusiwa hata kujimiminia maji. Mtu wa kambi angeweza kukosa arusi yako, na ungemsamehe. Lakini kilio cha reli mtu hakikosi, hata kama mmegombana, hata kama mashinisti huyo alikuibia kuku. Ukikosa, watoto wako wataambiwa.

Basi Jumanne jioni Mama alimaliza zamu, akaja nyumbani, akavua viatu, akatangaza:

"Nimeongea na bamaman ba chorale. Jumamosi tunaenda ku bahari. Line inakufa, na mutoto wetu njo mashinisti wa ile line. Tutaikala kilio."

Papa alishusha miwani. "Kilio ya tramu?"

"Ya reli. Tramu inatembeaka juu ya nini, juu ya mawingu?"

"Marie-Claire, hapa ni Ulaya."

"Na we ni muntu ya wapi?"

Barabarani basi lilipita, vikombe vikatikisika kabatini.

"Mimi sikulazimishe," aliendelea Mama kwa upole wa hatari. "Baki na daraja yako. Nitawaambia tu bamaman kwamba baba ya mwenye kilio alikuwa na kazi."

Ijumaa jioni nilimkuta Papa akipaka rangi viatu vyake vyeusi. Nikapita kama sijaona.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Gare du Nord: Papa, Mama, mimi, na mamans wa chorale, kwaya yao, wote katika kitenge kimoja cheusi chenye majani ya zambarau, kile cha misiba. Kulikuwa na bukari iliyofungwa kwa taulo ndani ya ndoo, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa chumvi tunaowaita makayabu waliokaangwa, na thermos za chai zinazotosha timu ya mpira. Kondakta wa treni alitazama ndoo, akatazama vitenge, akatupa pole kwa Kifaransa. Maman Rolande, mwenye sauti kubwa kuliko zote katika chorale, akamshukuru na kujifuta chozi lisilokuwepo.

Papa aliketi dirishani. Kamera ilikuwa shingoni mwake, juu ya tai.

Baada ya Ostende kuna mahali ambapo nyumba zinakwisha na kubaki vitu vinne tu: barabara, reli, ukuta wa saruji, bahari. Mawimbi yanapiga ukuta ule kama jirani anayedai kuku wake. Siku ile upepo ulitoka majini moja kwa moja. Wawindaji wa treni walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye ukingo wa nyasi, wanaume wengi na wasichana wawili watatu, kamera zao zikiwa juu ya miguu mitatu, wote wakitazama upande mmoja. Walichotaka ni picha moja: tramu ikipita ndani ya wimbi. Baada ya wiki ile, picha hiyo haitapatikana tena.

Chorale ikaja ikasimama mbele yao.

Mwanamume mmoja mwenye ndevu aliomba, kwa adabu, kama wanawake wale wangeweza kusogea nje ya picha yake.

"Anasema nini?" aliuliza Maman Rolande, ambaye Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu.

"Anaomba musogee, maman."

"Muambie ku kilio bandugu ya marehemu hawasimamake nyuma."

Antoine ndiye aliyetuokoa. Alimwambia mwenzake jambo sikioni, na yule wa ndevu akawatazama mamans upya, akavua kofia yake ya sufu, akahamisha kamera. Baadaye nilimuuliza Antoine alisema nini. "Nilimwambia hii ni familia ya dereva," alijibu. "Ni kweli, sivyo?"

Tramu ya kwanza ilipita. Kamera zikalia. Papa hakuinua yake.

"Eko mu ile?" aliniuliza, akitazama bahari.

"Bado, papa."

Ya pili ikapita upande mwingine. "Na ile?"

"Bado."

"Mi naulizaka tu," alisema.

Wakati huo bahari ilikuwa inapanda. Wimbi moja liliruka ukuta na kuangukia reli, likarudi. Lingine likafuata, zito zaidi, na liliporudi liliacha kitu nyuma yake: mchanga. Si mwingi sana kwa jicho langu. Ulilala juu ya reli kama unga uliomwagika, mahali palepale ambapo kamera zote zilikuwa zimeelekezwa.

Simu yangu ikatetemeka. Jémima: "Natoka Middelkerke," mji wa jirani. Nikamwonyesha Papa. Alisoma, akafunga kifungo cha juu cha koti.

Tulianza kuiona mbali, taa mbili ndani ya ukungu wa chumvi. Ilikuja kwa mwendo mzuri. Wawindaji walisogeza macho kwenye kamera. Wimbi kubwa lilikuwa linajikusanya nje, hata mimi niliona, na kama vyote vingekwenda sawasawa, tramu na wimbi vingekutana mbele yetu. Yule wa ndevu alikuwa anahesabu kwa kunong'ona.

Tramu ikapunguza mwendo. Ikapunguza tena, polepole, bila kushtuka, mpaka magurudumu yakanyamaza. Ilisimama kabla ya mchanga, mbali kidogo na kamera zote. Wimbi likaruka peke yake, likaanguka kwenye reli tupu.

Mstari mzima wa wawindaji ulitoa pumzi ya hasira. Mmoja alisema dereva huyo ni mwoga. Mwingine kwamba mchanga ule hata baiskeli ingeupita.

"Amesimama," alisema Papa.

Alisema kwa Kiswahili, si kwa mtu yeyote. Halafu akarudia kwa Kifaransa, akimgeukia yule aliyesema mwoga, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Amesimama, bwana. Kuenda, kila mtu anaweza. Hata jiwe likisukumwa linaenda. Mimi nilikuwa na rafiki huko kwetu, mvua ilileta udongo kidogo tu juu ya reli, kama huu. Akasema nitapita. Alikuwa na haraka, alikuwa na watu wa kumtazama. Hakupita." Alionyesha reli kwa kidevu. "Ona pale aliposimama. Ona nafasi aliyoiacha. Abiria hakuna aliyemwaga kahawa."

Antoine alimtazama Papa, akavua kofia taratibu.

Mlango wa dereva ulifunguka. Dada yangu akashuka akiwa na koti la rangi ya chungwa lililompita ukubwa, redio mkononi, nywele zimefungwa. Alitembea kando ya reli mpaka penye mchanga, akachuchumaa, akapitisha kidole ndani ya mfereji wa reli. Akaongea na redio. Akarudi na kuchukua sepetu na ufagio mgumu. Wakati wote huo hakutazama upande wetu, ingawa haiwezekani kutoona chorale nzima katika kitenge cha misiba.

Papa aliteremka ukingo. Nilidhani upepo umemsukuma. Alitembea na viatu vyake vilivyong'arishwa katika nyasi zenye maji mpaka kwenye jiwe la mwisho kabla ya reli, akasimama hapo miguu pamoja, kama mtu aliyefika ofisini kwa mkubwa.

"Madame mashinisti," alisema. "Ninaomba ruhusa ya kupita. Nikusaidie."

Majira mawili ya baridi, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza.

Jémima alinyooka. Upepo ulikuwa unampiga usoni. Sijui kama macho yake yalilia kwa sababu hiyo. Alimtazama baba yake, akatazama tai, kamera, viatu.

"Hapana, papa," alisema. "Ni hatari. Baki nyuma ya jiwe."

Nilifumba macho. Katika nyumba yetu hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Papa Nday abaki nyuma ya kitu chochote.

Papa aligusa paji la uso kwa vidole viwili. Akarudi nyuma hatua moja, kisha akageuka na kutukuta sisi tuliokuwa tumeanza kuteremka nyuma yake, Maman Rolande akiwa na kifuniko cha sufuria mkononi, tayari kuchota mchanga.

"Mumesikia mashinisti," alisema Papa. "Nyuma. Na we Rolande, nyuma. Hapa kuko mwenye line."

Na akasimama pale akiwa amenyoosha mikono, akizuia watu wote, wawindaji na waombolezaji, huku binti yake akifanya kazi. Jémima alipiga sepetu. Mtu mmoja katika chorale, nadhani alikuwa Mama, alianzisha wimbo. Haukuwa wimbo wa kilio. Ulikuwa ule ambao wanaume wa kambi waliimba wakinyanyua reli, mmoja anaita, wengine wanaitikia na kuvuta. Jémima alikuwa ameusikia jikoni maisha yake yote. Sepetu yake ikashika mdundo.

Alipomaliza alipitisha tena kidole ndani ya reli, akapanda, akapiga kengele. Tramu ikapita mbele yetu mwendo wa mtu anayetembea na yai. Abiria walitupungia mikono. Wimbi dogo likaruka nyuma yake na kulowesha kioo cha mwisho, na kamera zikalia kama mvua ya mawe.

Papa alipiga picha moja tu, nami niliiona aliponionyesha. Tramu haimo. Kuna mgongo wa koti la rangi ya chungwa, umeinama, na sepetu.

Tulikula tukiwa tumegeuzia bahari visogo. Yule wa ndevu alionja makayabu, akaomba maji, akaonja tena. Papa alimuuliza Antoine, kwa sauti ya mtu asiyejali, wafanyakazi wa kipande kile wataenda wapi.

"Wataenda wapi vipi?" Antoine alishangaa. "Wanahamisha reli. Wanaitoa hapa na kuipeleka ng'ambo ya barabara, nyuma ya vilima vya mchanga. Kwa miezi michache watu watachukua basi kipande hiki, halafu tramu inarudi. Nilikwambia, Nday. Ulikuwa umeondoka kabla sijamaliza."

Papa alishika sahani bila kula. Aliitazama reli, akatazama ng'ambo ya barabara, ambako kweli kulikuwa na vijiti vyekundu vimepangwa ardhini kwa mstari mmoja mrefu. Nilijua anaona nini. Alikuwa anaona njia ya mgodi na mihogo juu yake. Pale kwetu hakuna aliyewahi kuchomeka kijiti.

"Donc haikufe," alisema polepole. "Inahama."

"Inahama," alisema Antoine.

Papa alimgeukia mama yangu. "Marie-Claire. Ulijua?"

Mama alikuwa anakata bukari kwa kijiko kilicholowa. "Jémima aliniambia tangu mwezi ya kwanza."

"Na umeleta batu yote hawa kuikala kilio ya kintu haikufe?"

"Kama ningesema ni fete ya furaha, ungekuya?" Alimwekea tonge kubwa. "Kula. Itapoa."

Maman Rolande alicheka mpaka akashika ukuta. Papa hakucheka, lakini alikula, na sahani ikarudi nyeupe.

Jémima aliporudi kutoka Ostende, tulikuwa kituoni. Papa alipanda wa kwanza. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mbele na kusimama nyuma ya kioo cha chumba cha dereva, mkono kwenye chuma, na hakusema neno, kwa sababu kuongea na mashinisti akiwa kazini ni marufuku na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Niliona mgongo wa dada yangu na mgongo wa baba yangu vikiegemea upande mmoja kwenye kila kona.

Mwisho wa njia abiria walishuka. Jémima alizima taa za mbele, akafungua mlango wake mdogo, akasimama.

"Ku ile curve kisha kanisa," alisema Papa, "ulifinya breki mapema."

"Kuko muchanga, papa."

"Minajua kuko muchanga. Minakuambia tu."

"Sasa?" Jémima alifuta pua kwa mkono wa koti. "Ni treni ao ni bisi?"

Papa alifikiri. Alitazama kiti cha dereva, usukani usiokuwepo, reli mbili zilizozunguka na kurudi kuelekea zilikotoka.

"Ni bisi," alisema. "Lakini iko na mashinisti."

Kisha akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya tai yake na kuuliza ile reli mpya itapita upande gani hasa wa vilima, maana atahitaji kutafuta fasi nzuri ya kusimama.